Shule Ikifungwa

Jonan Masereka alikuwa fundi wa redio pale Kinyamaseke, na tangu azaliwe hakuwahi kushindwa katika mabishano. Waliomjua hawakuisema hiyo kama sifa. Waliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja kifafa cha jirani. Ukimpelekea redio inayokoroma angekutengenezea vizuri na kwa bei ya haki, lakini kwanza angekuthibitishia kwamba uliiharibu wewe mwenyewe. Wakulima wa kahawa walioshuka kutoka Kyondo siku za soko walikuwa wakikiri makosa haraka haraka, hata yasiyo yao, ili wawahi kurudi mlimani kabla ya mvua.

Mkewe Medius alivumilia miaka kumi na miwili. Halafu akahamia Bwera kwa dada yake, akapata meza ya vitenge sokoni, akaenda mahakamani Kasese kuomba ndoa ivunjwe.

Hakimu alimuuliza kama mume anampiga. Akasema hapana. Anakunywa? Hapana. Ana mwanamke mwingine? Medius akafikiri kidogo, akasema hapana, nani angemvumilia.

"Sasa tatizo ni nini?"

"Anashinda, mheshimiwa."

"Anashinda wapi?"

"Nyumbani. Anashinda nyumbani, na anashinda kila neno. Nimechoka."

Jonan aliinua mkono ili aeleze kwamba neno hilo lina maana mbili na kwamba mke wake amezichanganya makusudi. Hakimu alimtazama, akaandika kitu, na talaka ikapatikana bila matusi wala kugombania sufuria.

Waliobaki ni watoto. Bright alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mrefu, msomaji, mwenye macho ya mama yake. Sylivia alikuwa na miaka mitano na maswali kama mia mbili. Wazazi waliambiwa wakapatane wenyewe mbele ya afisa wa ustawi wa watoto, kisha walete karatasi mahakamani igongwe muhuri.

Afisa huyo alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Kellen. Alitoa kalamu, lakini Jonan alikuwa amekuja na karatasi yake tayari, ameiandika usiku kucha kwa herufi kubwa: SHULE IKIWA IMEFUNGULIWA, WATOTO WAKAE NA MAMA YAO BWERA. SHULE IKIFUNGWA, WATOTO WAKAE NA BABA YAO KINYAMASEKE. AMBAYE HAKAI NA WATOTO ATAPELEKA KIKAPU CHA CHAKULA KILA WIKI.

"Andika ni wiki ngapi," Medius alisema. "Weka na tarehe."

"Tarehe ya nini? Shule ikifungwa ni shule ikifungwa. Maneno yako wazi."

"Bwana Jonan," Kellen alisema, "maneno yaliyo wazi ndiyo huwarudisha watu hapa."

Jonan akaanza kueleza. Alieleza karibu nusu saa. Nje kwenye benchi kulikuwa na watu sita wanangoja, na mmoja ananyonyesha. Kellen akatia sahihi, Medius akatia sahihi, na Jonan akaikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati, ambako ilikaa tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, korona ikatangazwa. Jonan alizisikia habari kutoka kwa redio nne kwa mpigo, maana zote zilikuwa mezani zinajaribiwa: shule zote zinafungwa, siku thelathini. Watu barabarani walishika vichwa. Jonan alishika mfuko wa shati.

Tuseme ukweli, aliwapenda watoto wake. Likizo ya Krismasi ilikuwa imepita kama dakika tano, na tangu hapo nyumba yake ilikuwa na sauti nyingi za redio na hakuna hata moja inayomwita baba. Kesho yake asubuhi akapanda gari kwenda Bwera.

Medius alikuwa anakunja vitenge. "Hii si likizo, Baba Bright. Huu ni ugonjwa."

"Nionyeshe mahali palipoandikwa likizo."

Medius akaichukua karatasi, akaisoma yote, hata muhuri. Kisha akaenda kufungasha nguo za watoto. Alipomkabidhi mfuko alisema, "Karatasi imesema. Basi tuifuate karatasi." Jonan akarudi Kinyamaseke na watoto wawili na ushindi mmoja, na njiani hakujiuliza kwa nini ulikuja kirahisi namna ile.

Wiki hiyo hiyo magari ya abiria yakasimamishwa. Hoteli ya kando ya barabara alikokuwa anakula kila siku ikafungwa. Karakana yake nayo ikafungwa, kwa sababu redio haikuhesabiwa kuwa kitu cha lazima, jambo ambalo alilibishia kwa mwenyekiti wa mtaa asubuhi nzima na akashinda, lakini karakana ikabaki imefungwa. Siku thelathini zikaongezwa. Zikaongezwa tena.

Siku ya kwanza alipika sombe. Aliyatwanga majani ya muhogo kama alivyoona wanawake wakitwanga, akayachemsha kwa muda alioona unatosha. Bright alionja, akaweka kijiko chini.

"Baba, sombe huchemka mpaka mtu akaisahau."

"Nani alisema?"

"Tumbo," Bright alijibu, na usiku ule tumbo la Jonan lilikubaliana naye.

Kila Alhamisi kilikuja kikapu. Medius, vitenge vilipokatazwa sokoni na wauza chakula tu wakaruhusiwa, aligeuka muuza vitunguu kwa siku moja, na karatasi ilisema asiyekaa na watoto apeleke chakula. Alipeleka. Kilisafiri na lori la Musitafa, dereva aliyekuwa na ruhusa ya kubeba mazao kutoka mpakani, jirani na Bwera, mpaka mjini Kasese. Musitafa alikuwa amekulia ng'ambo ya mpaka na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alisimamisha lori bila kuzima injini, akashusha kikapu kwa kamba ili asimkaribie mtu.

"Fundi, hii kikapu iko ya batoto. Mama Bright anasema samaki wewe usikule."

"Mwambie karatasi haikutaja samaki."

"Mimi niko dereva," Musitafa alisema, akaondoka.

Ndani ya kikapu, chini ya ndizi, kulikuwa na kipande cha karatasi chenye maagizo. Sylivia anyweshwe dawa ya minyoo. Bright asome saa mbili kila siku. Na wiki moja: nywele.

Nywele zilikuwa jambo jipya. Shuleni wasichana wote hunyolewa, kwa hiyo Jonan hakuwahi kujua kwamba binti zake wana nywele. Sasa zilikuwa zimeota. Za Sylivia zilisimama pande zote, na Sylivia alitaka kusukwa kama mtoto wa Hamidah, mjane mwenye duka ng'ambo ya barabara. Jonan alifikiri: mtu anayesuka waya mia ndani ya redio ya zamani atashindwa na kichwa cha mtoto? Alimkalisha mlangoni, akagawa kichwa sehemu kwa sehemu, akazungusha kwa ufundi wote alionao. Baada ya saa tatu kulikuwa na misuko sita, na kila mmoja ulielekea juu, mgumu, umenyooka.

Sylivia akajitazama kwenye kioo. "Baba, hizi zinashika stesheni gani?"

Hamidah alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la sukari. Jonan alimweleza kwamba huo ni mtindo. Hamidah akamvua mtoto mtindo huo jioni ile ile, akamfundisha baba kuanza na misuko miwili mikubwa.

Ilipofika mwezi wa tatu wa kukaa hivyo, Jonan alikuwa amechoka mwili mzima. Alifua. Alichota maji. Alijibu maswali, na maswali ya Sylivia hayakuwa kama ya wateja; hayakuwa na mwisho wa kushinda. Ndipo serikali ikaanza masomo ya redioni. Mwalimu akasikika akifundisha sehemu za ua, na Jonan, ameshika mwiko, akatulia kama mtu aliyepata ufunuo.

Alimpigia Kellen. Kellen akamwunganisha Medius katika simu ile ile.

"Madam, shule imefunguliwa," Jonan alisema. "Mwalimu anafundisha sasa hivi. Sikiliza." Akaisogeza simu kwenye redio. "Mwalimu yupo, somo lipo, mwanafunzi yupo. Hiyo ni shule. Kwa hiyo watoto warudi kwa mama yao, kama karatasi inavyosema."

Halafu sauti ya Medius, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa asilikate ganda. "Madam, nimepita shuleni leo asubuhi. Langoni kuna kufuli. Kufuli hufunga au hufungua?"

"Hufunga," Kellen alisema.

"Shule ikifungwa ni shule ikifungwa. Maneno yako wazi."

Jonan aliyatambua maneno yake mwenyewe kama mtu anayekutana na mbuzi wake kwa jirani. "Basi tuende mahakamani," alisema.

"Mahakama sasa inasikiliza mambo ya dharura tu," Kellen alieleza. "Watoto wako hatarini?"

"Hapana."

"Wamelala njaa? Wanapigwa?"

"Hapana, madam."

"Wewe uko hatarini?"

Nyuma ya Jonan, Sylivia alikuwa anauliza kama ua lina sehemu za siri. Kellen akasema faili itabaki wazi, akawatakia afya njema.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama si asubuhi ile Bright alipokataa kutoka chumbani. Jonan alibisha hodi. Akabisha tena.

"Bright, unaumwa?"

"Hapana. Niitie mama."

"Mama yako yuko Bwera."

"Basi niitie mama yeyote," Bright alisema, na sauti yake ikawa ndogo, na Jonan akaelewa.

Alivuka barabara akiwa amevaa barakoa juu chini. Hamidah alikuwa amefunga kamba mbele ya duka ili wateja wasimkaribie, na kwenye kamba walisimama watu watano.

"Nataka vile vitu," Jonan alisema.

"Vitu gani?"

"Vya Bright."

"Sukari?"

"Hapana."

"Kalamu?"

Jonan, ambaye neno halikuwahi kumpungukia mbele ya hakimu, alitazama viatu vyake. Wateja watano nao wakavitazama. Hamidah alimwangalia, akaelewa, akaacha kuuliza. Alifunga kitu ndani ya gazeti, akawaambia watu wangoje, akavuka mwenyewe mpaka nyumbani kwa fundi. Alikaa na Bright huko ndani muda mrefu. Mara moja walisikika wakicheka.

Jonan alimpigia Medius. Akamweleza kwa maneno machache, pengine machache kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Ningekuwa hapo," Medius alisema.

Jonan alikuwa na majibu matatu: karatasi, barabara, serikali. Hakulitoa hata moja.

Jumamosi aliwapakia wote wawili kwenye baiskeli, Sylivia mbele, Bright nyuma, akaanza kukanyaga pedali kuelekea Bwera. Jua lilikuwa kali na vilima, ambavyo kwa gari huvioni, vilijitokeza kimoja kimoja. Karibu na kuingia Bwera kulikuwa na kizuizi: mapipa mawili, mti umelazwa juu yake, na askari mrefu jina lake Okot.

"Wewe. Simama. Baiskeli moja watu watatu, unaenda wapi?"

"Nawapeleka watoto kwa mama yao, afande. Nina karatasi ya mahakama."

Lilikuwa kosa. Okot alikuwa ameona karatasi nyingi za uongo wiki ile na alikuwa na wakati wa kutosha. Aliisoma ya Jonan polepole, midomo ikitembea, kisha akaisoma tena.

"Hii iko nzuri," alisema. "Iko na muhuri. Sasa nijibu. Shule iko wazi ama imefungwa?"

"Imefungwa, afande, lakini..."

"Karatasi inasema imefungwa, batoto iko kwa baba. Baba ni nani?"

"Ni mimi."

"Geuza baiskeli."

Jonan akaanza kueleza. Okot akainua mkono mmoja tu. Katika maisha yake yote Jonan hakuwahi kuona hoja fupi kama kiganja kile. Akageuza baiskeli. Bright alishuka, na badala ya kumfuata baba yake akatembea mpaka kwenye mti uliolazwa.

"Afande," alisema, "mimi nataka tu kuongea na mama. Hata hapa."

Okot alimtazama. Huenda naye alikuwa na mtoto mahali. Akamwambia Jonan apige simu, mama aje kwa miguu mpaka kwenye kizuizi, na wangepewa dakika kumi za kuongea. Medius alikuja mbio, barakoa imemteleza kidevuni, mikono inanuka vitunguu. Walisimama Medius upande ule wa mti na Bright upande huu, wakaongea kwa kunong'ona. Jonan alijisogeza kidogo ili asikie.

"Wewe," Okot alisema. "Hatua ishirini nyuma. Wewe hii haikuhusu."

Dakika kumi zikawa arobaini. Sylivia alimuuliza afande bunduki yake inakula nini.

Mwezi wa kumi, redio ikatangaza kwamba shule zitafunguliwa, lakini kwa madarasa ya mitihani tu. Bright alikuwa darasa la saba. Sylivia alikuwa la kwanza. Bright akafungasha mfuko wake. Alipomaliza, Jonan alimkuta Sylivia naye anafungasha.

"Wewe unabaki," alimwambia. "Shule ya dada yako imefunguliwa. Yako bado imefungwa."

"Lakini tunasoma shule moja."

"Ndiyo."

"Lango ni moja?"

"Ni moja."

"Limefunguliwa au limefungwa?"

Jonan alitoa karatasi, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma ambako hakukuandikwa kitu. Kisha akaketi kitandani kati ya mifuko miwili. Kwa karatasi ile, Bright alitakiwa Bwera kesho na Sylivia alitakiwa Kinyamaseke, na hawa watoto hawakuwahi kulala mbalimbali hata siku moja. Sylivia alingoja jibu kwa adabu.

Walikutana kwa Kellen, kwenye baraza, viti vimewekwa mbali kama vya watu waliogombana. Medius alikuwa amejiandaa. Njia nzima kutoka Bwera alikuwa amerudia hoja zake kwa sauti, na alikuja na kumi na moja, zimeandikwa. Alivuta pumzi.

"Andika wewe," Jonan alisema.

"Nini?"

"Andika wewe hiyo karatasi. Weka tarehe, weka siku. Mimi nitatia sahihi."

Medius alimtazama Kellen. Kellen naye akamtazama Jonan. "Kuna nini ndani yake?" Medius aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Unasikia harufu ya vitu, Baba Bright? Homa huna?"

"Mimi mzima."

"Basi bisha kidogo, nijue."

Alikataa kubisha. Hilo lilimtia Medius wasiwasi kiasi kwamba aliandika polepole sana, akitafuta mtego ambao haukuwepo. Watoto wote wawili wakae Bwera Jumatatu mpaka Ijumaa, na Kinyamaseke Ijumaa jioni mpaka Jumapili, shule iwe wazi, iwe imefungwa, iwe nusu. Anayekaa nao ndiye anawalisha. Barabara ikizibwa, siku zilizopotea zitalipwa kwa siku.

Kabla ya muhuri Kellen aliwaita watoto, maana sheria inataka wasikilizwe. Akamuuliza Bright yeye anataka nini.

"Msituulize tunampenda nani zaidi," Bright alisema. "Tuulizeni vitabu viko wapi. Kila nikitaka kitabu kiko kwenye nyumba nyingine. Na viatu."

Kellen akaandika: vitabu na viatu kila nyumba. Medius akatia sahihi, Jonan akatia sahihi. Mkono wake ulisita kwenye neno "nusu", ambalo aliona lingeweza kuandikwa vizuri zaidi, lakini akapita.

Bright alifanya mtihani wake akafaulu. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, shule zikafungwa tena, na magari yakazuiwa tena. Kinyamaseke nzima ikaanza upya kubishana nani akae na nani, ila kwa fundi wa redio kila Ijumaa baiskeli ilikwenda Bwera kuwachukua watoto na kila Jumapili iliwarudisha. Askari mwingine alipomsimamisha, Jonan alimkabidhi karatasi na kunyamaza mpaka askari akaisoma mwenyewe. Ilimgharimu sana kunyamaza, lakini ilifanya kazi kila mara.

Shule zilipofunguliwa kabisa, karibu miaka miwili tangu siku zile thelathini, watu walianza kusema kwamba Jonan na Medius watarudiana. Walikuwa wameonekana wakicheka pamoja mbele ya duka la Hamidah. Musitafa, ambaye sasa alikuwa anabeba abiria na habari, alimuuliza Medius waziwazi, na Alhamisi akasimamisha gari mbele ya karakana kuleta jibu.

"Mama Bright anasema hapana. Anasema beko wazuri hivi, kila mutu kwake. Anasema mukirudiana, mutabishana miaka kumi nani alirudi wa kwanza."

Jonan aliweka chini chuma cha kuchomelea. "Lakini hilo halina ubishi," alisema. "Yule aliyeondoka ndiye..."

Musitafa akawasha injini.